Akiba ya Taifa si Kibubu: Tanzania, Kenya na Nyumba ya Mama

Wanachuo wenzangu, naomba nianze kwa kukiri kosa nililolifanya mbele ya darasa.

Mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, nilipangiwa somo la Uchumi Kidato cha Tano. Mada ilikuwa akiba na uwekezaji. Nikaandika ubaoni, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba akiba ya taifa ni jumla ya fedha ambazo wananchi wameziweka benki. Nikachora kibubu, nikachora jengo la benki, nikaviunganisha kwa mshale. Halafu, ili somo liwe na mfano wa karibu, nikawaambia kwamba Kenya inaweka akiba sehemu ndogo ya pato lake kuliko Tanzania.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Anko wangu yuko Nairobi. Anasema kule kila mtu ana M-Pesa, wafanyakazi wako kwenye Sacco, na benki ziko kila kona. Sasa inakuwaje sisi wenye benki chache ndio tunaweka akiba zaidi?"

Swali lilikuwa zuri, jibu langu likawa bovu. Nilisema: "Wakenya wanapenda matumizi." Darasa likacheka, kengele ikalia, nikafuta ubao nikatoka. Wiki iliyofuata TP ikaisha. Yaani nimewaachia vijana arobaini na kitu maana isiyo sahihi ya akiba ya taifa, na juu yake nimewaachia kejeli kwa majirani zetu. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaosoma ualimu tutakutana na swali hilihili.

Akiba ya taifa ni nini hasa?

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuseme nchi kwa mwaka mzima imepata pato la shilingi 100. Wananchi pamoja na serikali wametumia 85: chakula, nauli, nguo, dawa, mishahara ya watumishi wa umma na kadhalika. Zimebaki 15. Hiyo 15 ndiyo akiba ghafi ya taifa, na tukiigawa kwa pato tunapata asilimia 15. Basi. Hakuna mahali tumeuliza kama hiyo 15 iko benki, iko kwenye simu, iko chini ya godoro au imeshageuka kuwa ukuta wa nyumba.

Hapo ndipo nilipokosea. Fedha iliyoko benki ni namna mojawapo tu ya kuhifadhi akiba. Halafu ukiweka laki moja benki, na benki ikamkopesha jirani yako laki hiyohiyo akanunua televisheni, wewe umeweka akiba lakini jirani ameitumia. Kwa taifa zima, kati yenu wawili akiba ni sifuri. Benki nyingi zinaweza kuongeza akiba, na zinaweza pia kurahisisha mikopo ya matumizi. Idadi ya benki peke yake haikwambii lipi limetokea.

Kuna njia ya pili ya kuifikia namba hiyohiyo, na hii ndiyo ilinifungua macho. Kila kitu kinachojengwa au kununuliwa kwa ajili ya uzalishaji wa kesho, kama vile barabara, kiwanda, trekta au nyumba, huitwa uwekezaji. Uwekezaji lazima ulipiwe na mtu. Unalipiwa na akiba yetu wenyewe au na fedha ya watu wa nje. Kwa hiyo, kama nchi yetu ya mfano imejenga vitu vya shilingi 20 na akiba yake ni 15, ile 5 iliyopungua imetoka nje, iwe kwa mkopo, msaada au mwekezaji mgeni. Ukijua uwekezaji, na ukijua nakisi ya nchi katika malipo yake na nje, unatoa na kupata akiba.

Jambo moja la kuongezea. Kuna akiba ya ndani na akiba ya taifa. Ya ndani inaangalia kilichozalishwa ndani ya mipaka tu. Ya taifa inajumlisha fedha zinazotumwa na ndugu walioko nje, halafu inatoa riba na faida tunazowalipa wageni. Kwa Kenya tofauti hii ni kubwa: mwaka 2024 Wakenya walioko ughaibuni walituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi. Tanzania inapokea sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Mistari miwili iliyopishana

Sasa tuzitazame nchi zetu mbili. Nilipoichora picha ya miaka mingi, niliona kitu ambacho kauli yangu ya "wanapenda matumizi" haiwezi kukieleza hata kidogo. Mistari miwili imepishana.

Katika miaka ya 1970 Kenya ndiyo ilikuwa mwekaji akiba mzuri. Baridi kali ilipounguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda sana, na kufikia 1977 wakulima na serikali ya Kenya walikuwa wanavuna fedha ambazo hawakuzitarajia. Akiba ikavuka robo ya pato. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiba ya ndani ya Kenya ilikuwa bado inazunguka moja ya tano ya pato.

Tanzania ilikuwa upande mwingine kabisa. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bei za mafuta, ukame na uhaba wa bidhaa vilitufikisha mahali ambapo nchi ilikuwa inakula karibu kila inachozalisha, na pengo linazibwa na wafadhili. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Hata baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986, takwimu za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinaonyesha akiba ya ndani ya Tanzania ikiwa chini ya asilimia 10.

Kuelekea miaka ya 2000 mistari ikapishana. Kenya ikashuka, na katika muongo wa 2010 akiba yake ya taifa imekuwa zaidi kati ya asilimia 10 na 15 ya pato. Tanzania ikapanda, ikavuka 20, na kuelekea mwisho wa muongo huo ikawa juu ya 30.

Sasa niulize kama mwalimu: je, tabia ya Wakenya ilibadilika ghafla? Waliokuwa wabana matumizi mwaka 1977 wakawa wafujaji mwaka 2010? Na Watanzania tuliokuwa hatuweki kitu mwaka 1990, tulipewa semina ya kuweka akiba? Ni wazi maelezo ya tabia hayatoshi. Tutafute sababu kwingine.

Kwa nini walishuka, na kwa nini tulipanda

Sababu ya kwanza ni ukuaji wa pato. Miaka ya 1990 ilikuwa migumu kwa Kenya. Mwishoni mwa 1991 wafadhili walisimamisha sehemu kubwa ya misaada, na uchumi ulikua polepole huku watu wakiongezeka. Pato la familia likidumaa, kitu cha kwanza kukatwa ni akiba, kwa sababu huwezi kukata unga. Sisi tunaoishi kwa boom tunalijua hili vizuri: boom likichelewa wiki mbili, hakuna anayepunguza kula ili akiba yake isiguswe. Kinyume chake, uchumi wa Tanzania ulianza kukua kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1990, na pato likikua haraka kuliko matumizi, akiba inapanda bila mtu yeyote kuhutubiwa.

Sababu ya pili ni madeni. Tanzania iliingia kwenye mpango wa kimataifa wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini, ikakamilisha masharti Novemba 2001. Kenya haikupata msamaha huo kwa sababu deni lake lilihesabiwa kuwa linabebeka. Kumbuka riba inayolipwa nje inatolewa kwenye akiba ya taifa. Baadaye Kenya ilianza kukopa kwenye masoko ya kibiashara, kwa hati fungani ya kwanza ya dola bilioni 2 mwezi Juni 2014, na mikopo ya aina hiyo ina riba kubwa. Hapa tuwe waangalifu: serikali ikikopa kujenga reli, mkopo wenyewe haupunguzi akiba, maana fedha imekwenda kwenye uwekezaji. Akiba inapungua pale mapato yanapozidiwa na matumizi ya kawaida, na riba ni sehemu ya matumizi hayo.

Sababu ya tatu ni dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu 2001. Dhahabu ikawa bidhaa kubwa tunayouza nje. Kenya haina kitu kinachofanana na hicho. Inategemea chai, maua, utalii na fedha za ughaibuni.

Sababu ya nne ni michango ya pensheni, na hii inagusa zaidi wenye ajira rasmi. Tanzania mfanyakazi na mwajiri wake kwa pamoja wanachangia asilimia 20 ya mshahara. Kenya kwa miaka mingi mchango wa NSSF ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na 200 kutoka kwa mwajiri, hata kama mshahara ni mkubwa. Sheria mpya ya kupandisha mchango ilipitishwa 2013, lakini ilikwama mahakamani na kuanza kutumika kweli baada ya uamuzi wa Februari 2023.

Na ya tano, ambayo ndiyo inamjibu yule binti moja kwa moja: mikopo. Mikopo ya benki kwa sekta binafsi nchini Kenya imekuwa karibu asilimia 30 ya pato, wakati Tanzania imekuwa chini ya 20. Yaani mfumo wa fedha wa Kenya kweli ni mkubwa kuliko wetu, anko wake hakudanganya. Ila mfumo huo unakusanya na pia unakopesha, na sehemu ya mikopo hiyo, hasa ile midogo ya kwenye simu, inakwenda kwenye matumizi ya siku. Wingi wa miamala ya simu sio wingi wa akiba.

Msijisifu haraka

Nikiishia hapa, msomaji Mtanzania anaweza kutoka kifua mbele. Subiri kwanza.

Jambo la kwanza, akiba haipimwi kwa mizani. Hakuna ofisa anayepita nyumba kwa nyumba kuhesabu vibubu vya Watanzania. Akiba ni mabaki: watakwimu wanakadiria pato, wanakadiria matumizi au uwekezaji, wanatoa, kinachobaki wanakiita akiba. Kwa hiyo makadirio yakizidi mahali pamoja, kosa lote linahamia kwenye mabaki. Sehemu kubwa ya uwekezaji wetu ni ujenzi, na ujenzi mwingi unafanywa na watu binafsi, tofali kwa tofali, bila mkandarasi wala risiti. Hata Kenya wana changamoto hiyo, lakini kwetu uzito wake ni mkubwa zaidi kwa kuwa uwekezaji unaokadiriwa ni zaidi ya theluthi moja ya pato, wakati kwao ni kama moja ya tano.

Jambo la pili, kipimo chenyewe hubadilika. Mwaka 2014 nchi zote mbili zilifanyia marekebisho takwimu za pato la taifa kwa kuingiza shughuli ambazo hazikuwa zinahesabiwa vizuri. Pato la Kenya likaongezeka kwa karibu robo, na la Tanzania kwa zaidi ya robo, kwenye karatasi tu, bila mtu kulima shamba jipya. Tanzania ikarekebisha tena 2019. Asilimia ya akiba ina pato chini ya mstari wa mgawanyo. Ukilinganisha asilimia ya kitabu cha 2010 na ya ripoti ya 2020, unaweza kuwa unalinganisha vipimo viwili tofauti. Wenzangu mnaoandika tafiti za mwaka wa tatu, hapa muwe macho: chukua mfululizo mmoja, chanzo kimoja, mwanzo hadi mwisho.

Jambo la tatu, akiba kubwa sio lazima iwe maisha bora. Pato la Mkenya wa wastani bado ni kubwa kuliko letu: wao wako kama dola 2,000 kwa mtu kwa mwaka, sisi tuko kama 1,200. Na katika muongo wa 2010 Kenya ilikua kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka ikiwekeza moja ya tano ya pato, wakati sisi tulikua kwa zaidi kidogo ya 6 tukiwekeza theluthi na zaidi. Maana yake kila shilingi waliyowekeza ilizaa zaidi kuliko yetu, au uwekezaji wetu umekadiriwa juu mno, au baadhi ya miradi yetu inahitaji muda kuzaa. Reli yetu ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 tu, baada ya kujengwa kwa miaka. Huwezi kuidai matunda ya 2015.

Matofali ya mama na ada yangu

Sasa nilete habari hii nyumbani, maana ndiko nilikoielewa.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa na mahindi Mbozi. Akaunti ya benki hana. Lakini kwa miaka kama saba alikuwa anajenga. Akiuza kahawa, anafyatua matofali. Akiuza mahindi, ananunua mifuko ya saruji. Msingi mwaka huu, kuta mwaka ule, mpaka nyumba ikafika lenta. Kwa ile maana niliyoiandika ubaoni, mama hajawahi kuweka akiba hata senti. Kwa maana sahihi, kuta zile zote ni akiba. Zinahesabiwa kwenye uwekezaji wa taifa, na kwa kuwa hakukopa nje wala kuomba mtu, ni akiba yake mwenyewe iliyosimama wima. Watu wa aina yake ndio wanaoibeba ile asilimia ya Tanzania, na hawamo kwenye vitabu vya benki yoyote.

Nilipopata nafasi chuo, mkopo wa masomo haukufunika ada yote. Mama alikuwa na laki nane za bati. Akanipigia simu: "Mwanangu, nyumba haitatoroka. Wewe nenda kasome." Ile fedha ya bati ikawa ada, na kuta zikabaki zinanyeshewa hadi leo.

Nikaenda kwenye kitabu kutafuta laki nane ile imeandikwa wapi. Bati lingenunuliwa, lingekuwa uwekezaji, na akiba ya taifa ingebaki juu. Ada ya shule ni matumizi. Kwa hesabu za taifa, mama aliponisomesha aliacha kuweka akiba, sawa na kama angeinywa ile fedha kilabuni. Naandika hili nikiwa nasomea ualimu, na nakiri liliniuma.

Wachumi wanalijua tatizo hili. Benki ya Dunia ina kipimo kingine, akiba halisi iliyorekebishwa. Kinaanza na akiba ghafi, kinatoa uchakavu wa mitambo na majengo, kinaongeza matumizi ya umma ya kuendesha elimu, ikiwemo mishahara ya walimu, halafu kinatoa thamani ya madini na misitu iliyovunwa pamoja na madhara ya uchafuzi wa hewa. Kwa kipimo hiki, dhahabu inayotoka Geita sio pato tupu. Ni mali iliyokuwa ardhini ambayo haitarudi. Inakuwa akiba pale tu tunapoibadilisha iwe kitu kingine kinachodumu. Ada ya mama haimo hata humo, maana wanahesabu upande wa serikali. Lakini angalau mwalimu anayefundisha darasani anaonekana kama mtu anayejenga, sio gharama.

Jibu la yule binti

Kama ningerudi kwenye darasa lile kesho, ningefuta ule mshale kutoka kibubu kwenda benki. Ningemwambia hivi: anko wako yuko sahihi, na takwimu nazo zinasomeka, kwa sababu zinapima vitu viwili tofauti. Benki na simu zinaonyesha fedha inapita wapi. Akiba ya taifa inaonyesha nini hakikuliwa. Kenya walikuwa mbele yetu wakati kahawa iko juu, wakashuka pato lilipodumaa na riba zilipopanda. Sisi tulikuwa chini, tukapanda kwa ukuaji, dhahabu, msamaha wa madeni na matofali ya watu kama mama yangu. Hakuna taifa linalopenda matumizi kwa asili yake. Na ningemwomba radhi kwa lile jibu la kuchekesha.

Halafu ningewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aorodheshe vitu ambavyo familia yake ilijinyima ili vipatikane, na mbele ya kila kimoja aandike kama taifa linakiita akiba au matumizi. Nina hakika kwenye daftari nyingi ada ya shule itakuwa juu kabisa ya orodha. Hapo somo lingeanza.

Mimi mwakani namaliza. Mshahara wa kwanza ukitoka, bati zinaenda Mbozi.